Fahali Niliyempeleka Ukweni

Kwa miaka tisa nilikuwa daktari. Hivyo ndivyo watu wa Kosele walivyoniita, na sikuwahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa msaidizi wa mifugo, mtu wa cheti cha miaka miwili, mwenye baiskeli ya serikali, sanduku la barafu lisilo na barafu, na kitabu cha vibali vya kusafirisha ng'ombe. Asubuhi nilikagua nyama kwenye kichinjio. Mchana nilizunguka bomani kwa watu. Chanjo zilipokuja nilichanja, na zilipokosa kuja niliwaambia watu wasubiri. Katikati ya miaka ya tisini chanjo zilikuwa haziji, na josho letu lilikuwa limekauka hadi mbuzi wanalala ndani. Basi kazi yangu kubwa ilikuwa kusema subirini, na nilijifunza kuisema kwa sauti ya daktari.

Ninayetaka kumwandika hapa ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyemfuata ziwa kwa kuzaliwa. Alitengeneza baiskeli pale Rangwe, chini ya bati alilolisimamisha mwenyewe, na alikuwa na mke na mabinti wawili wadogo. Ujana wake aliufanya kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na huko alichuma Kiswahili ambacho alirudi nacho nyumbani kama watu wengine wanavyorudi na redio. Kidholuo alikiongea na wazee. Mimi aliniongelesha Kiswahili, hasa alipotaka kunitania mbele yao bila wao kuelewa. Baiskeli yangu aliiita ng'ombe ya serikali, na kila nilipompelekea aliniuliza kama nimeidunga sindano ya kupe. Nilipokuwa nachumbia, na nyumba nzima inaniangalia kama mwizi wa kuku, ndiye aliyenisogezea kiti. Nilimpenda. Alikufa kwa sababu ya fahali niliyemnunua mimi, na kabla hajafa nilikuwa na nafasi ya kulizuia jambo hilo, tena si moja.

Baba mkwe alifariki mwaka huo mvua zilipochelewa. Habari ilinifikia Jumapili, na mazishi yalipangwa Jumamosi iliyofuata. Kwetu mtu hamziki baba wa mkewe mikono mitupu. Analeta fahali. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mkwe hutazamwa kuliko mikono mingine yote. Mimi nilikuwa mkwe wa serikali, mkwe daktari, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba fahali wangu atakuwa mkubwa. Kaka yangu alinikumbusha hivyo mara mbili kwa siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Migori, na nilijua kwamba kwenye minada ya kule mpakani ng'ombe ni wakubwa. Jumatatu nilikwenda. Ukame ulikuwa umewapitia, halafu mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka siku chache tu nyuma, na ng'ombe walikuwa wanakula majani mafupi pamoja na mizizi na udongo wake. Nilimwona fahali mwekundu mwenye nundu iliyolala upande mmoja, kifua kipana kama mlango wa ghala. Mwenye fahali hakubishana sana juu ya bei. Hapo nilipaswa kutia shaka, maana mfugaji haachi fahali mzuri aende bila maneno. Mama mmoja aliyekuwa akiuza uji aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba upande aliotoka yule mtu ng'ombe wanalala wazima na kuamka wamekufa. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilimrudishia kikombe chake nikamshukuru kwa uji.

Sheria ya kazi yangu ilisema mnyama wa kutoka sehemu ya namna hiyo atengwe, aangaliwe, apimwe joto, ndipo aandikiwe kibali. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Niliketi juu ya jiwe, nikatoa kitabu mkobani, nikaweka karatasi ya kaboni, nikaandika jina langu mahali pa mwenye ng'ombe, na chini, mahali pa afisa, nikaandika jina langu tena. Nikapiga muhuri. Watu husema mganga hajigangi. Mimi nilijiganga, na hata homa sikupima.

Nilimlipa mtu wa makamo wa pale mnadani amtembeze hadi kwangu, na kwa siku tatu alimtembeza. Alhamisi jioni walifika Kosele, mtu amechoka na ng'ombe amechoka. Ijumaa asubuhi, siku ya kwenda ukweni, nilimkuta fahali amesimama mbali na majani niliyomkatia. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Nilimgusa masikio, yalikuwa ya moto. Nilichukua kipimajoto, na zebaki ikapanda hadi mahali ambapo sikutaka kuiona. Nikajiambia ni uchovu wa safari, au ndigana, ile homa ya kupe. Neno kimeta lilinijia pia, nikalifukuza kama kuku anayekaribia mtama ulioanikwa. Nilimchoma penisilini, nikavaa koti langu la mazishi, tukaondoka.

Ni lazima nieleze jinsi mkwe anavyokaa ukweni kwenye msiba, kwa sababu bila hilo mtu ataniuliza kwa nini sikufungua mdomo. Mkwe anaonyeshwa nyumba ya wakwe, ile iliyotengwa kwa wageni wa upande wake, na kiti chake, anakaa. Hatembei tembei ndani ya boma, wala hakaribii jikoni au mahali pa kuchinjia. Chakula akiletewa anakula, na hakiongelei. Mama mkwe wake hamwangalii usoni, naye mkwe hamwangalii. Akiwa na neno, halisemi mwenyewe. Linasemwa na mzee wa upande wake aliyeletwa kuwa kinywa. Kinywa chetu siku hiyo alikuwa baba yangu mdogo, mzee mwenye fimbo na sauti nzuri. Na fahali akishapita lango si wako tena. Kumuuliza habari zake ni sawa na kudai urudishiwe.

Alipita lango saa tano. Kina mama walipaza sauti za kumlilia mzee na kutusifu sisi, na ninakiri kwamba nilisikia raha. Fahali alitembea hatua kama ishirini, akafika karibu na ghala, akapiga magoti. Halafu akalala ubavu. Boma lote likageuka kumtazama. Mnyama wa mkwe akifa mwenyewe ndani ya nyumba yenye msiba, mkwe huyo ameleta kifo cha pili, na watoto wa watoto wake watalisikia hilo wakitukanwa. Mimi nilikuwa nimefika mlangoni mwa nyumba ya wakwe, nikaketi nilipoonyeshwa.

Shemeji ndiye aliyeelewa upesi kuliko wote. Alitoka nyuma ya nyumba na kisu mkononi, akicheka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Ng'ombe ya shemeji iko na heshima," akasema. "Imempigia mzee magoti."

Akamshika pembe, akamkata koo. Watu wakacheka, pumzi zikarudi. Kaka yake mkubwa ndiye aliyestahili kuchinja kwanza kwa mazishi ya baba yao, na alikuwa bado anatafuta kisu chake. Shemeji hakumngoja. Alijua kwamba akingoja, mnyama atakufa kabla ya kisu, nami nitaaibika. Aliniangalia mara moja tu, akainua kidevu, kama mtu anayekuambia umefunga vibaya vifungo vya shati. Alikuwa amenistiri.

Nikaona damu. Kutoka kwenye kiti nilichoonyeshwa, kupitia mlangoni, niliiona ikitoka nyeusi kama oili chafu ya gari, ikitiririka bila kuganda. Puani mwa fahali kulikuwa na povu jekundu. Lile neno nililolifukuza asubuhi likarudi likakaa, na safari hii sikuwa na nguvu za kulifukuza. Nilikuwa nimefundishwa jambo moja kuhusu kimeta kuliko mengine yote. Mnyama aliyekufa nacho hapasuliwi. Unachimba shimo refu kuliko mtu, unamchoma au kumzika na ngozi yake, na udongo uliolowa damu unaufukia naye, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kukaa ardhini miaka na miaka ukingoja.

Nilimwita baba mdogo nikamwambia sikioni. Nikamwambia aende akawaambie wasimpasue, wasile, wachimbe shimo.

Akanigeukia. "Unataka nisimame mbele ya watu niseme tumewaletea mzoga?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa matanga ya baba yao?"

Nikasema watu wanaweza kufa. Alinijibu kwamba amekula ng'ombe waliokufa kwa kila namna tangu utoto wake, na yuko hapa, meno yake yote yako. Lakini aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda. Nilimwona akiongea na kaka mkubwa wa nyumba ile, vichwa vimeinama. Kaka mkubwa akatikisa kichwa kwa adabu. Mzee akarudi, akaketi, akasema amewaambia. Nikamuuliza wamesema nini. Wamesikia, akasema.

Nilingoja kuona majembe. Nikaona moshi.

Baada ya saa moja na kitu shemeji alikuja kunisalimia, kama mwenyeji mwema, damu hadi viwikoni na kitambaa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kisu kilimteleza wakati wa kuchuna, akasema, si kitu. Mkononi alikuwa na kijiti chenye figo la kuchomwa, lile wanaloonja wachinjaji wenyewe kabla ya watu wengine, nje limeungua na ndani bado lina damu. Alikuwa anatafuna.

"Shemeji, mzee wako amesema daktari anaomba nyama iive sana," akasema. "Hii yangu haikusikia."

Basi huo ndio ujumbe uliofika. Ulitoka kwangu ukiwa na meno, ukafika kwao kibogoyo. Baba mdogo alikuwa ameketi pale pale kando yangu, akiangalia ncha ya fimbo yake. Sikuwa na hasira naye, na sina hata leo. Alikuwa amepewa neno lisilosemeka, akatafuta linalosemeka. Hasira yangu yote ni kwa mtu aliyekuwa kwenye kiti cha pili, yaani mimi.

Kwa maana ningeweza kuinuka. Kutoka pale hadi kwenye mzoga hapakuwa mbali. Nilikuwa na mamlaka ya serikali ya kuzuia nyama, na kwenye kichinjio cha Kosele nilikuwa nikitupa maini ya ng'ombe wa watu shimoni kila wiki huku wakinilaani mimi na mama yangu, na sikutikisika. Sasa alikuwa mbele yangu mtu aliyenistiri asubuhi hiyo hiyo, figo mdomoni, na nilichoweza kumwambia ni aoshe kidonda kwa sabuni nyingi. Akaniuliza kama na figo nalo alioshe. Akanipa kipande. Nilisema jino linaniuma.

Walipoleta chakula, nyama ilikuwa imechemka tangu mchana hadi inaachana na mfupa, kwa heshima ya ombi la daktari. Nadhani hilo ndilo lililowaokoa wengine. Nilisikia baadaye kwamba wachache waliumwa na matumbo wakapona. Mimi nilimega kuon, ugali wetu, nikachovya kwenye mboga, na vipande vya nyama nikavifunga kwenye leso mfukoni. Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, anamlilia baba yake. Nilimtuma shangazi yangu mmoja tuliyekuja naye amwite, nikamwambia asile nyama ile hata kidogo, asiniulize. Hakula. Hilo niliweza kulisema. Kumwambia mke wangu sikuhitaji kinywa cha mzee.

Jumamosi tulimzika mzee. Jumapili tukarudi Kosele, na kwa siku mbili nikaanza kujidanganya kwamba labda macho yangu yalikosea.

Jumanne mtu wa baiskeli alileta habari kwamba mkono wa shemeji umevimba. Nilipanda baiskeli yangu nikafika nimelowa jasho. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na binti yake mdogo kati ya magoti, mkono umelala juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa umevimba hadi begani. Pale kisu kilipoteleza palikuwa na kigaga cheusi, kimezama katikati, kimezungukwa na malengelenge madogo. Nilimuuliza kama panauma. Akasema ndiyo maajabu yake, hapaumi hata kidogo, hata bibi wa dawa alipochanja pembeni ili kutoa uchafu hakusikia. Nilipokiona kigaga kile sikuwa na la kujidanganya tena. Nilikuwa nimekiona kwenye picha ya kitabu chuoni, rangi mbaya ya picha ya kitabu, na hiki kilikuwa hicho hicho kwenye mkono wa mtu ninayemjua.

Nilimwambia ni kimeta, na kwamba kimetoka kwa ng'ombe. Nilisema kwa ng'ombe. Sikusema ng'ombe wangu, naye hakuuliza. Nilimwambia anatakiwa hospitali kubwa ya Homa Bay leo, si kesho. Akatikisa kichwa. Kesho ilikuwa siku ya kunyoa nywele za matanga, na mpaka watoto wa marehemu wanyolewe hawalali nje ya boma. Hospitali ingemlaza.

"Kesho tunanyolewa," akasema, "kesho kutwa naenda hata kwa mguu."

Nilibishana naye mpaka akakubali angalau zahanati, ambako mtu huenda na kurudi. Nilimpakia kwenye baiskeli. Njiani alijaribu kunitania kwamba ng'ombe ya serikali leo imebeba mzigo wa maana, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Muuguzi wa zahanati alikuwa dada mchapakazi, peke yake na foleni ndefu. Kimeta hakuwahi kukiona. Niliposema penisilini akafungua kabati anionyeshe. Ilikuwa imekwisha, na sanduku la dawa la mwezi huo lilikuwa halijafika. Aliandika barua ya kumpeleka Homa Bay, akampa vidonge vya homa.

Mkobani mwangu nilikuwa na penisilini. Chupa nzima, haijafunguliwa, ya aina ile ile niliyomchoma fahali. Niliitoa nikaiweka juu ya meza yake. Aliigeuza akasoma, akaniangalia. Pale penye lebo palikuwa na kichwa cha ng'ombe kimechorwa, na maneno kwamba ni ya mifugo tu.

"Daktari, mimi hii siwezi," akasema kwa sauti ya chini. "Akifa hapa kwangu na hii chupa, nitasema nini? Wewe unaweza?"

Nilijua kipimo cha ndama, cha mbuzi, cha fahali wa uzito wowote utakaonitajia. Cha mtu sikukijua. Sikujua kilichochanganywa ndani ya chupa ile kinamfanyia nini binadamu. Niliona gereza, nikaona mke wangu akiambiwa mumewe amemdunga ndugu yake sindano ya ng'ombe. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, anatusikiliza.

"Nidunge tu, shemeji," akasema. "Nikianza kulia kama ng'ombe mnifunge kamba."

Tulicheka, sote watatu. Halafu nikairudisha chupa mkobani. Nimewauliza madaktari wa watu baada ya hapo, madaktari wa kweli, kama ingemsaidia. Wengine husema pengine, wengine husema kwa sababu ya lile figo alikuwa tayari amechelewa. Hakuna aliyewahi kunipa jibu la kunilaza usingizi.

Nilimrudisha nyumbani. Nilitaka kubaki nimwangalie, lakini nje ya siku za mazishi mkwe halali ukweni, na hata wakati huo, na kigaga kile nimekiona, nililiheshimu hilo. Nikaenda zangu Kosele. Jumatano walinyolewa wote. Mchana wake alianza kutapika, tumbo likamkaza, na kabla ya jioni matapishi yalikuwa na damu. Alhamisi asubuhi, mimi nikiwa kwenye kichinjio nikipiga mihuri nyama za watu, walimpakia kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa samaki kumpeleka Homa Bay. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa kwenye paja la mama yake. Kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa jana yake.

Sikuweza kulia mbele ya watu na sikuweza kulia peke yangu. Nilikwenda kazini. Niliandika ripoti juu ya kimeta, nikaiandika mara tatu, na kila mara nilipofika mahali pa chanzo cha mnyama kalamu ilisimama. Kibali kilikuwa ofisini, nakala ya kaboni, majina mawili ambayo ni moja. Mwisho niliituma ripoti na kibali pamoja. Nilitegemea kufukuzwa kazi, na nadhani nilitaka. Nililetewa barua ya onyo yenye mistari minne, na ahadi kwamba chanjo zitakuja.

Kule ukweni maelezo yalikuwa tayari, na hayakuwa yangu. Ilikuwa chira. Mdogo alimtangulia mkubwa kuchinja kwenye mazishi ya baba yao, na mkubwa akakaa kimya akaacha mpangilio uvunjwe, kwa hiyo laana imepita nyumbani na kuchukua mmoja. Lawama zilimwangukia kaka mkubwa. Aliambiwa alete kondoo wa kutakasa boma, akaleta. Bado watu walikuwa wakinyamaza akiingia. Mke wangu aliniambia kwamba kaka yake ameacha kula na wenzake, anapelekewa sahani nyumbani kwake kama mgeni. Nilikuwa nimemweleza mke wangu yote kuhusu fahali, mezani, bila kuficha. Siku ya tatu akaniambia nisimwambie mama yake, kwa sababu mama amebakiwa na vichache vya kushika na mmojawapo ni heshima ya wakwe zake.

Nilitii, kwa maana ilikuwa rahisi kutii. Ikapita kama miezi miwili. Halafu mke wangu akarudi kutoka kumtembelea mama yake, na katika kueleza habari za huko akasema, kama jambo la kawaida, kwamba mama halali tena kitandani. Analala chini, juu ya ngozi ya yule fahali. Marehemu ndiye aliyeichuna na kuiwamba, ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake, na mama hataki mtu aiguse.

Kesho yake nilikwenda, na kibuyu cha mafuta ya taa nimekifunga nyuma ya baiskeli. Sikupeleka mzee wa kunisemea. Mama mkwe alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, ameketi juu ya ngozi, manyoya mekundu ya fahali yakiangalia juu, anapepeta maharagwe. Niliposimama uani bila kinywa aligeuza uso pembeni, kama inavyotakiwa, akangoja niondoke au nimwite mtu. Niliangalia chini nikasema mwenyewe. Nilimwambia ngozi ile ina ugonjwa na naomba niichome.

Alinijibu akiwa ameelekea ukutani kwamba ngozi haina ugonjwa, ina mtoto wake.

"Mama," nikasema, "ndiyo iliyomuua."

Ungo ukasimama. Aliuliza kama basi si chira. Nikasema si chira, kaka mkubwa hana kosa lolote, ni ugonjwa wa ng'ombe.

"Ng'ombe yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

Hapo akageuka akaniangalia. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona macho yake, na yalikuwa ya shemeji, yale yale, na mikunjo ile ile pembeni. Aliniuliza kama nimelijua hilo baadaye, au nilikuwa nikilijua siku ile ile, nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Ningeweza kusema baadaye. Nilimwambia siku ile ile.

Aliinuka, maharagwe yakamwagika, akaikunja ngozi mwenyewe kabla sijamzuia, akaileta hadi miguuni pangu akaiweka. Nilimwambia aende akaoshe mikono kwa sabuni, mara mbili, akatii kama mtoto. Niliichoma nyuma ya boma, ndani ya shimo nililochimba kwa jembe la marehemu, na ilichukua muda mrefu kuungua. Kaka mkubwa alikuja akasimama mbali, akaangalia, akaondoka bila kunisalimia. Nilipofukia shimo jua lilikuwa limepinda. Nilitaka kuchukua baiskeli yangu nipotee bila mtu kuniona.

Mama mkwe alikuwa ananingoja njiani, uso ameugeuza pembeni tena. Alisema chakula kiko tayari kwenye nyumba ya wakwe. Nikamwambia siwezi. Akasema mkwe haondoki kwake na njaa, na kwamba hilo nalo nisimharibie.

Nikaenda nikakaa. Aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa mjane wa shemeji. Alinimiminia polepole hadi mikono yote ikalowa, akaniambia karibu, nami nikala.